Weka Ukuta Kando ya Paa

Neno la leo liko Kumbukumbu la Torati 22:8. Fungua Biblia usome kwanza, kisha urudi hapa.

Musa anatoa agizo la ujenzi. Mtu akijenga nyumba mpya, azungushe ukuta mfupi juu ya paa, ili mtu asianguke na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Mapaa ya siku zile yalikuwa tambarare. Watu walipumzika huko na kuanika vitu, kama wewe wa fleti za Noonkopir au Acacia unavyopanda juu kuanika nguo. Angalia vizuri: Mungu hakukataza paa, wala hakusema watu wasipande. Alimwambia mwenye nyumba asingoje mtoto wa mtu aanguke ndipo atafute mawe ya kujengea.

Sasa tuje hapa Kitengela. Ukipita madukani, jaribu kuinama hadi kimo cha mtoto wa darasa la tatu, uangalie anachoona. Kuna maduka ambayo pipi na biskuti zimepangwa kioo kimoja na karatasi za kusokotea, vidude vya kusagia vyenye picha ya jani la bangi, na sigara za kielektroniki zenye rangi na harufu ya matunda. Mtoto ametumwa mkate tu. Hakuna aliyemuuzia bangi. Lakini amejifunza kwamba vifaa vya bangi ni bidhaa ya kawaida, kama kalamu na rula.

Usidhani ni jambo dogo. Utafiti wa NACADA wa mwaka 2022 ulikadiria kwamba Wakenya 518,807 wenye umri wa miaka 15 hadi 65 wanatumia bangi. Hiyo ni karibu nusu ya watu wote wa Kaunti ya Kajiado waliohesabiwa katika sensa ya 2019.

Najua utaniambia, "Pasta, karatasi ni karatasi tu. Kosa ni bangi." Hoja yako ina uzito, maana karatasi ile ile husokota tumbaku, na mtu mzima hakatazwi tumbaku. Lakini kitu huongea kulingana na mahali ulipokiweka. Kisu jikoni ni cha nyanya. Kisu hicho hicho kiunoni mwa kijana saa nane usiku kina maana nyingine.

Kuna mji mdogo karibu na Chicago, Marekani, unaitwa Hoffman Estates. Mwaka 1978 viongozi wake walitunga sheria kwamba duka linalouza vitu vilivyoundwa au kutangazwa kwa matumizi ya bangi na dawa za kulevya lichukue leseni maalum na kuandika majina ya wanunuzi. Duka moja lilikwenda kortini kupinga. Mwaka 1982 Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema sheria hiyo inaweza kusimama. Jinsi mwenye duka alivyozipanga bidhaa ilikuwa sehemu ya ushahidi: ukiweka karatasi karibu na majarida ya bangi, umeshasema ni za nini.

Na sisi hatuko bila sheria. Sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 1994 inasema kupatikana na kiko au chombo cha kuvutia bangi ni kosa. Sheria ya tumbaku ya 2007 inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18. Na Katiba, Jedwali la Nne, imezipa kaunti kazi hizi: leseni za biashara, matangazo ya nje, na udhibiti wa dawa za kulevya. Yote matatu yako mikononi mwa kaunti yetu. Kwa hiyo tusikae tukingoja Nairobi.

Lakini ukuta ujengwe vizuri. Kumbuka shisha. Serikali iliipiga marufuku Desemba 2017. Januari 2024 mahakama ya Shanzu kule Mombasa ikasema marufuku hiyo haikuwa halali, kwa sababu kanuni zake hazikupitishwa Bungeni inavyotakiwa. Ukuta uliojengwa kwa haraka bila saruji hauzuii mtu kuanguka. Tena kanuni isiyoeleweka huwa chakula cha askari mla rushwa, na anayeumia ni mama wa kibanda.

Kwa hiyo ninapendekeza tuombe Bunge la Kaunti ya Kajiado sheria fupi iliyo wazi. Kwanza, karatasi za kusokotea na sigara za kielektroniki zikae nyuma ya kaunta, mahali mtoto hazioni. Pili, chochote chenye jani la bangi kisionyeshwe dukani wala kwenye bango. Tatu, masharti haya yaandikwe kwenye leseni ya biashara, na mwenye duka apewe onyo na muda wa kurekebisha kabla ya faini. Hatufungi duka la mtu. Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inakupa haki ya kupeleka ombi kwenye bunge hilo. Kwa hiyo usiishie kulalamika kwenye WhatsApp. Mwone mwakilishi wa wadi yako, na wito wa maoni ya umma ukitoka, nenda ukaseme.

Neno la mwisho ni lako, ndugu na dada mwenye duka unayeabudu nasi. Soma Matendo 19. Waamini wa Efeso walileta wenyewe vitabu vyao vya uganga wakavichoma mbele ya watu, na thamani yake ilikuwa vipande 50,000 vya fedha. Hakuna askari aliyewafuata. Najua kodi ya duka inakusubiri tarehe tano, na vitu hivi hutoka haraka kuliko unga. Lakini fungu la kumi la faida hiyo likikosekana, kanisa halitaanguka. Mtoto anaweza kuanguka. Kabla kaunti haijaandika lolote, wewe unaweza kupanga upya kioo chako leo jioni. Huhitaji leseni ya kufanya hivyo.

Tuombe: Baba, tupe macho ya kuona kutoka kimo cha watoto wetu. Wape viongozi wa Kajiado hekima ya kutunga sheria ya haki. Mpe kila mwenye duka ujasiri, na ufungue mlango mwingine wa riziki yake. Katika jina la Yesu.

Kama umekubaliana na ombi hili, andika AMINA, kisha umtumie mwenye duka unayempenda. Umtumie kwa upole.