Jina la Ukoo, la Nani?

Katika vitabu vingi vya kufunzia Kiswahili limo zoezi ambalo sisi waalimu tumelikariri hata hatulisikii tena: "Jina lako ni nani? Jina lako la ukoo ni nani?" Mwanafunzi atokaye Gitega akijibu la kwanza na kunyamaza kwa la pili, huhesabiwa kuwa hakufahamu. Twasema wazi: asiyefahamu ni mwalimu.

Kwa desturi ya Kirundi mwana hurithi shamba na ng'ombe, lakini jina harithi. Hupewa lake mwenyewe, na mara nyingi ni sentensi kamili. Nduwimana: mimi ni wa Mungu. Baranyanka: wananichukia. Jina hili la pili halina habari za mtoto hata kidogo. Ni mzazi anayesema na majirani zake, na kila mtoto aitwapo, majirani husikia. Wanawake wa mwambao hufanya vivyo hivyo kwa maandishi ya kanga. Philippe Ntahombaye alikwisha kuandika kitabu kizima juu ya majina ya Warundi mwaka 1983, basi udhuru wa kutojua hatunao.

Yako pia majina ya hesabu. Nyandwi ni mtoto wa saba, Minani wa nane. Pacha ni Bukuru na Butoyi, na awafuataye ni Ciza, kama Wasukuma na Wanyamwezi wasemavyo Kulwa, Doto na Shija. Sasa mlazimisheni Minani awarithishe wanawe jina lake ili fomu ijae: kifungua mimba wake ataitwa Wa Nane! Naye mjukuu wa Baranyanka atabebeshwa ugomvi wa watu waliokwisha kuzikwa.

Wako wenzetu wanaojibu kwamba pasipo jina la ukoo serikali haimtambui mtu. Hoja hii hatuidharau. Mtoto asiyeshiriki jina na babaye huulizwa maswali mipakani, na wazazi wengine huandikisha jina la baba kwa sababu hiyo. Ni hiari yao. Lakini tangu lini darasa la lugha likawa ofisi ya uhamiaji?

Tena hata pwani, tunakodai kuyatoa mafunzo yetu, mtu alikuwa fulani bin fulani, na juu yake lakabu aliyopewa na watu. Ni wangapi wamjuao Hamed bin Muhammed el Murjebi? Wamjua Tippu Tip. Muhammed bin Khalfan naye, aliyetisha mwambao wa Ziwa Tanganyika, Warundi walimjua kwa jina la Rumaliza, nalo halikuhitaji kuandikwa katika fomu yoyote.

Twataka swali la pili lifutwe. Mahali pake paandikwe: "Nani alikupa jina lako, na kwa nini?" Mwalimu atakayeliuliza na atenge kipindi kizima, maana majibu ni marefu, na mengine wazazi wasingependa yafike kwa jirani.