Bastola Kiunoni, Dubu Msituni

Mei 2009 Bunge la Marekani lilipitisha sheria ya kadi za mkopo. Ndani yake mlipenyezwa kifungu kilichoruhusu raia kuingia na silaha katika hifadhi za taifa. Kadi na dubu, wapi na wapi? Tangu Februari 2010 mtalii aweza kujifunga bastola ya .44 Magnum kiunoni, akajiona salama.

Usalama gani huo? Dubu wa kahawia hukimbia takribani mita 15 kwa sekunde. Mkono unaotetemeka haulengi shabaha. Tom Smith na wenzake, waliochunguza matukio ya Alaska, waliripoti mwaka 2008 kwamba kopo la pilipili ya kupuliza lilimzuia dubu huyo kwa asilimia 92. Mwaka 2012 wakaripoti bastola kuwa asilimia 84, na kwamba waliofyatua silaha zao hawakusalimika kuliko waliokuwa nazo wasizitumie.

Mtaniambia 84 si haba. Nakubali. Lakini pilipili humwacha dubu hai. Tena Yellowstone, ambako kubeba bastola ni halali, kuifyatua ni marufuku! Sheria inayokupa chuma ikakunyima risasi ilitungwa kumlinda msafiri, au kumfurahisha mpiga kura?