Kuacha ajira kwa kazi za mtandaoni: Nani atampa kijana notisi?

KWA kijana aliyeajiriwa karibuni mjini Tarime, au Mugumu wilayani Serengeti, wazo la kuacha kazi ili atafute riziki mtandaoni lina mvuto wake. Mshahara wa kuanzia ni mdogo, kituo kiko mbali na kwao, na simu inamwonyesha soko la dunia nzima.

Hata hivyo, kabla ya kuandika barua, hana budi kutazama ng'ambo ya mpaka wa Sirari. Nchini Kenya, vijana walilipwa kwa kuchambua picha na maandishi kupitia Remotasks, tovuti ya kampuni ya Marekani, Scale AI. Machi 2024 huduma hiyo ilifungwa nchini humo, na kipato kikakatika ghafla.

Hapo ndipo ilipo tofauti. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka anayelipwa kwa mwezi apewe notisi isiyopungua siku 28. Kibarua wa mtandaoni asiye na mkataba wa ajira hana kinga hiyo. Tena, intaneti ilipozimwa nchini Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu, alikaa siku kadhaa bila kazi. Naye ajiuzuluye kwa hiari hastahili fao la kukosa ajira.

Hatusemi vijana wasithubutu. Waianze kazi hiyo jioni, wapate wateja zaidi ya mmoja, waweke akiba, ndipo waage. Wahenga walionya: usiache mbachao kwa msala upitao.