Njia 12 kwa Siku Moja

Methali yasema, "Mpanda ngazi hushuka." Sisi wa upande huu wa Busia na Tororo twaielewa sana, maana wengi wetu tumepanda Mwamba wa Tororo, masalio yale ya volkano ya kale yanayosimama juu ya mji. Tulizishika ngazi zake kwa furaha wakati wa kupanda, na kwa hofu wakati wa kushuka. Leo nataka kusema juu ya jabali dogo zaidi, lililo karibu na Tiira, na juu ya jambo lililoigawa shule yetu muhula huu.

Wasomaji walio mbali huenda hawajapata habari. Jumamosi moja ya likizo sisi wanafunzi wanne wa vidato vya juu tulijaribu kukwea njia 12 za jabali hilo kwa siku moja, kuanzia mapambazuko hadi machweo. Kila njia ina urefu wa mita 8 hadi 10, na ilikuwa lazima kila mmoja wetu azikwee zote. Kamba yetu tuliiazima kwa mjenzi. Tuliifunga kwenye mti ulio juu ya jabali. Mmoja akikwea, mwenzake alisimama chini akiivuta kamba isilegee.

Mpaka saa nane mchana njia 9 zilikuwa zimekwisha. Ngozi ya vidole ilikuwa imechubuka, maji yalikuwa yamekwisha, na jua lilikuwa kali. Katika njia ya kumi mwenzetu aliteleza akaanguka kama mita 3, akavunjika kifundo cha mkono wa kulia. Hakuweza kuandika mitihani ya muhula huu.

Tangu siku ile yako maoni mawili shuleni. Wengine wasema mchezo huu upigwe marufuku kabisa. Wengine watucheka: "Mlisema 12, mbona mmerudi na 9?" Mimi nathubutu kusema kwamba pande zote mbili zimekosea, na walio hatari zaidi ni hao wanaocheka.

Kwanza niwajibu wanaotaka marufuku. Kukwea njia nyingi kwa siku moja si wazimu. Mtu akikwea njia moja akaenda zake, hujifunza njia moja tu. Akikwea 6 au 7, hujifunza kupumzisha mikono, kutumia miguu badala ya kuning'inia, na kupanga mahali pa kushika kabla ya kuondoka chini. Tena marufuku haitalihamisha jabali. Vijana wataliendea kwa siri, na jambo la siri halina msimamizi.

Sasa niseme na wanaocheka. Kwa nini mwenzetu alianguka kiasi kile, hali kamba ilikuwako? Nitasema ukweli, maana sijausema hadharani. Mshika kamba alikuwa mimi. Nilikuwa nimeishika kwa mkono mmoja, na mkono wa pili ulikuwa na penseli, nikiandika hesabu ya njia ya tisa. Kamba ililegea nami sikuona. Jabali halikumwangusha rafiki yangu peke yake. Hesabu ilisaidia, na aliyeipenda hesabu kuliko mwenzake ni mimi.

Sisi wa Tiira hatukuhitaji kungoja siku ile ili tujifunze jambo hili. Hapa kwetu watu huchimba dhahabu, na vijana wa umri wetu hushuka mashimoni kwa kamba. Mjomba wangu amefanya kazi hiyo miaka mingi. Nilipomweleza yaliyotukuta hakunigombeza. Alisema tu, "Mwanangu, shimo halijui umeshuka mara ngapi. Mara ya kwanza na mara ya ishirini kwake ni sawa, ila wewe si yule yule." Mtu wa ndoo nyingi husifiwa jioni, lakini kamba inayochakaa na mkono unaochoka haviingii katika sifa hizo.

Labda mtasema kwamba mabingwa wa ulimwengu hufanya makubwa kuliko haya. Ni kweli. Tarehe 26 Mei 1975 Jim Bridwell, John Long na Billy Westbay walikwea ukuta wa El Capitan huko Marekani, karibu mita 900, kwa siku moja. Mwaka 2012 Alex Honnold alikwea peke yake kuta tatu kubwa za bonde hilo hilo la Yosemite kwa muda usiotimia saa 19. Lakini tazameni yaliyotangulia. Wale wa kwanza kukwea El Capitan kwa njia ile, mwaka 1958, walitumia zaidi ya siku 40, zilizogawanywa katika muda wa zaidi ya mwaka mmoja. Siku moja ya Bridwell na wenzake ilisimama juu ya kazi hiyo, na juu ya miaka yao wenyewe ya mazoezi. Sisi tulitaka siku moja isiyo na miaka nyuma yake.

Tena kurudi nyuma si aibu. Mwaka 1943 mateka wa vita watatu, Waitaliano, walitoroka kambi iliyokuwa Nanyuki ili wapande Mlima Kenya kwa vifaa walivyovitengeneza kwa siri. Mmoja aliugua. Felice Benuzzi na Giovanni Balletto walijaribu kilele cha Batian, mita 5,199, kikawashinda, wakageuka. Wakapanda Lenana, mita 4,985, wakasimika bendera yao, kisha wakarudi wenyewe kambini. Wangeshikilia Batian, pengine tusingekuwa na habari zao leo.

Kwa hiyo natoa shauri. Mchezo uruhusiwe, lakini kwa masharti manne. Kamba iwe ya kukwelea hasa, ile inayonyumbuka kidogo ili impokee mtu anayeanguka. Ya mjenzi humkatisha kwa nguvu. Kila mkweaji avae kofia ngumu. Mshika kamba asiwe na kazi nyingine yoyote, wala penseli. Na atakayesema "basi" aandikwe daftarini kwa heshima ile ile ya aliyemaliza, asichekwe bwenini.

Kwenu ninyi wanafunzi wa zamani nina ombi. Wengi wenu mko Kampala na Nairobi. Huko Nairobi kuna Mountain Club of Kenya, chama kilichoanzishwa mwaka 1949, na bila shaka wako kati yenu wanaowajua watu wa kazi hii. Tuleteeni mtu mmoja wa kutufundisha kwa siku mbili, na kamba moja nzuri. Kikombe cha fedha hatukihitaji.

Rafiki yangu amefunguliwa plasta wiki iliyopita. Ameniuliza lini tutazimaliza njia tatu zilizobaki. Nimemjibu kwamba sijui siku, lakini nitakuja mikono mitupu, nayo yote miwili itakuwa juu ya kamba.