Kipaji cha Miguu: Nani Akipime?



Mama mmoja, mzaliwa wa Kisauni aliyeolewa Kawangware, ameniletea barua ndefu. Mwanawe yuko mwaka wa pili katika chuo kimoja cha katikati ya jiji la Nairobi. Anachezea timu ya chuo, na msimu uliopita alifunga magoli mengi kuwashinda wenzake wote. Sasa pametokea bwana mmoja ajiitaye wakala. Anasema familia ikitoa nauli, ada ya viza na gharama za majaribio, kijana atafika Ulaya kabla ya mwaka kwisha. Baba yuko tayari kuuza kiwanja cha urithi kilichoko Kilifi. Mama hataki, lakini anachelea asije akalaumiwa maisha yake yote kwamba ndiye aliyemzibia mwanawe mlango wa riziki. Anauliza: nitajuaje kama mwanangu ni mchezaji kweli?

Nimelipenda swali hili kwa kuwa mama ameanza pale panapostahili. Wazazi wengi hukimbilia kuuliza kama wakala ni mkweli. Hata wakala akiwa mkweli kama Swahaba, kijana asiyekuwa na kiwango atarudishwa nyumbani, na kiwanja kitakuwa kimekwenda.

Kwanza tujue kuwa kazi ya kupima vipaji ni ngumu hata kwa wenye mali na mitambo. Kule Marekani, ambako wanacheza mpira wao wa kushika kwa mikono, vyuo ndivyo chimbuko la wachezaji wa kulipwa. Kila mwaka vijana mia tatu na zaidi hukusanywa katika mji wa Indianapolis, wakapimwa urefu, uzito, mbio, kuruka na hata upana wa viganja, huku timu zote 32 zikitazama. Pamoja na hayo yote, mwaka 2000 Tom Brady alichaguliwa wa 199, na ndiye aliyekuja kutwaa ubingwa mara saba. Wachezaji wa vyuo wanaofikia kuchaguliwa na timu hizo hawafiki wawili katika kila mia ya waliotimiza masharti. Kijana wetu Daniel Adongo, mzaliwa wa Nairobi, alisajiliwa na Indianapolis Colts mwaka 2013 kwa sababu ya mwili na kasi aliyoionyesha kwenye raga, ilhali hakuwa amecheza mechi hata moja ya mchezo ule. Hakudumu. Kumbe mwili peke yake si ushahidi wa kutosha.

Turudi kwetu. Tuna mfano ulio karibu mno na kijana wa barua hii. Michael Olunga alisoma Upper Hill School, kisha akaingia Chuo Kikuu cha Ufundi cha Kenya pale Haile Selassie Avenue, akisomea uhandisi wa upimaji ardhi. Alikuwa mwanafunzi wa chuo hasa, mwenye mitihani na kazi za darasani. Lakini tazameni alipimwa wapi. Hakupimwa kwa magoli ya mechi za chuo kwa chuo. Alipita Tusker, akaazimwa Thika United, na mwaka 2015 akaifungia Gor Mahia magoli 19 katika Ligi Kuu, msimu ambao timu ile ilitwaa ubingwa pasi na kufungwa hata mechi moja. Mabeki waliomkaba walikuwa watu wazima wanaolisha familia zao kwa mpira, nao hawana huruma na mtoto wa chuo. Ndipo mwanzoni mwa 2016, akiwa na miaka 21, Djurgården ya Sweden ikamchukua. Masomo yake hakuyatupa alipovuka bahari. Mwaka 2020 alifunga magoli 28 katika ligi kuu ya Japani akiwa na Kashiwa Reysol, akawa mfungaji bora na mchezaji bora wa ligi nzima.

Kwa hiyo, mama yangu, hesabu ya magoli ya mwanao naiheshimu, lakini uliza kwanza aliyafunga mbele ya nani. Chini ya Ligi Kuu yetu ipo ligi ya daraja la pili iitwayo National Super League, na chini yake Division One, kisha nyinginezo hadi ligi za kaunti. Kawangware kwenyewe kuna jina la Nairobi City Stars, timu aliyoipitia Victor Wanyama kabla hajajulikana. Kijana akasajiliwe katika mojawapo ya ngazi hizo na acheze msimu mmoja kamili. Akiwa anaanza kila wiki na kocha analia akiumia, hapo pana jambo. Akiwa anakaa benchi katika Division One, basi hayo majaribio ya Ulaya ni ndoto ya mchana.

Nikija Nairobi hupenda, baada ya Alasiri, kusimama kando ya uwanja wa Kihumbuini kule Kangemi au wa Riruta na kutazama vijana. Nimeona kuwa uwanja wenye mabonde na vumbi huwapendeza wenye chenga na kuwadhulumu wenye pasi, kwa sababu mpira hauendi ulikotumwa. Watazamaji hushangilia chenga. Wajuzi wa kupima hutazama mambo mengine. Hutazama mpira unapomfikia kijana: je, mguso wake wa kwanza unaulaza chini, au unamkimbia hatua tatu? Hutazama kama anao mguu wa kushoto, au ni wa kupandia basi tu. Hutazama dakika ya 80, wakati mapafu yamechoka, kama bado anarudi kukaba. Zaidi ya yote hutazama macho yake kabla mpira haujamfikia. Mtafiti mmoja wa Norway, Geir Jordet, amewachunguza viungo wakubwa wa Ulaya na kukuta kuwa wale bora hugeuza vichwa na kutazama pande zote mara nyingi kabla ya kupokea mpira. Hilo hata mama asiyejua sheria ya kuotea anaweza kulihesabu akiwa amekaa ukingoni na mwavuli wake.

Pana na jambo la umri, na hapa nasema kwa ukali kidogo. Wapo wanaowaambia vijana wapunguze miaka miwili mitatu kwenye vyeti. Huo ni uongo wa maandishi, na mzazi akiutia sahihi ni mshirika. Tena hauna faida: tangu 2009 FIFA hutumia picha za mifupa ya kifundo cha mkono kuwapima wachezaji wa mashindano ya chini ya miaka 17. Wapo pia ambao umri huwapamba bila kosa lao. Mtoto aliyezaliwa Januari huonekana hodari kuliko wa Desemba wa mwaka uleule kwa kuwa amemtangulia kukua, na makocha dunia nzima wamekuwa wakihadaika na jambo hilo. Mvulana wa miaka 15 mwenye ndevu huwasukuma wenzake kama mlango. Akifika chuoni wenzake wamekua, na kumbe chenga hakujifunza.

Ama kuhusu wakala, mambo yako wazi kuliko watu wanavyodhani. Tangu Oktoba 2023, anayefanya kazi hiyo katika uhamisho wa kimataifa anatakiwa kuwa na leseni ya FIFA, na kwa kawaida haipati ila kwa kufaulu mtihani. Majina yao huonekana katika tovuti ya FIFA yenyewe. Dada wa kijana mwenye simu atalitafuta kwa dakika tano. Uhamisho wa kimataifa kwa aliye chini ya miaka 18 umekatazwa isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa, kwa hiyo mwenye kuahidi kumsajili Ulaya mtoto wa Form Two ana maelezo ya kutoa. Na ujira wa wakala hutokana na mkataba uliokwisha kutiwa sahihi. Anayetaka pesa zako kabla ya klabu yoyote kumwona mwanao, mwombe barua ya mwaliko yenye jina la klabu, kisha iandikie klabu ile mwenyewe kwa anwani iliyo kwenye tovuti yao, si ile aliyokupa yeye. Kiwanja cha Kilifi kisiguswe kabla jibu halijaja. Wala usiogope kuitwa mzibaji wa riziki. Kuthibitisha habari ni wajibu wako.

Mkataba ukija kweli, usomeni pamoja na mwanasheria, na mtazame pia jezi. Timu zetu hapa zimevaa majina ya kampuni za kamari, na kijana Muislamu ataulizwa msimamo wake. Mwaka 2013 Papiss Cissé wa Senegal alikataa kuvaa jezi ya Newcastle yenye jina la kampuni ya mikopo ya riba, ingawa mwishowe aliivaa. Afadhali mazungumzo hayo yafanyike nyumbani kabla ya kalamu kushikwa.

Wenye mabinti wasidhani nimewasahau. Timu ya kwanza ya Kenya kufika Kombe la Dunia la FIFA ilikuwa ya wasichana wa chini ya miaka 17, mwaka 2024, na hijabu imeruhusiwa rasmi uwanjani tangu 2014. Yao inahitaji safu yake, inshallah.

La mwisho ni karatasi. Kila timu aliyoichezea mwanao tangu miaka 12, hata ile ya mtaani, hakikisha imemsajili rasmi na uweke nakala. Mchezaji anapouzwa nchi za nje akiwa bado na mkataba, asilimia 5 ya bei hugawiwa timu zilizomlea tangu miaka 12 hadi 23: robo ya asilimia kwa kila msimu hadi miaka 15, na nusu ya asilimia kwa misimu inayofuata. Wanyama alipotoka Celtic kwenda Southampton mwaka 2013 ilitajwa bei ya pauni milioni 12 na nusu. Nusu ya asilimia ya fedha hizo ni pauni 62,500, kwa msimu mmoja tu wa malezi. Timu ya Kangemi au Dagoretti isiyokuwa na daftari la usajili haina cha kuonyesha siku hiyo.