Mnasifu Sauti, Mnazika Shtaka

Enzi za Mwingereza, mwanamke mmoja wa Dar es Salaam alivuka kwenda Unguja kutembea. Akatoka na wenziwe, pombe ikanywewa, na mwanamume aitwaye Kijiti akamchukua mgeni yule, akamnajisi, akamuua pamoja na mimba aliyokuwa nayo. Muuaji akapanda chombo, akatokomea bara. Mahakamani walifika wanawake waliokuwa na marehemu, wamekuja kutoa ushahidi, na sheria ikawageukia wao: wametiwa hatiani kwa ajili ya pombe. Aliyeua yuko huru, waliosema wamefungwa.

Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Unguja, akaigeuza kesi hiyo wimbo, na wimbo akaupa jina la muuaji. Hakutafuta mafumbo. Taarabu ina mafumbo mengi na Siti aliyamudu yote, lakini safari hii aliyaweka kando. Alimtaja mtu, akaeleza alichofanya, akaeleza na mahakama ilivyopinda, akamtakia muuaji mabaya mbele ya umma uliokuwa ukimjua. Kwa mwanamke mweusi, mzaliwa wa Fumba, mtoto wa watu waliowahi kuwa watumwa, aliyeuza vyungu kabla ya kuuza santuri, huo ulikuwa ujasiri wa kutisha. Alikuwa anaihukumu mahakama ya dola.

Sasa fungueni redio siku inapotajwa kumbukumbu ya Siti. Mtaambiwa alikuwa na sauti ya ajabu. Mtaambiwa aliitwa kuimba mbele ya masultani, na kwamba mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri, wa kwanza Afrika Mashariki. Yote kweli. Kisha wimbo utapigwa, utakwisha, na hakuna atakayesema neno juu ya mwanamke aliyeuawa.

Mimi naliita hilo dhuluma, na nina sababu. Mahasidi wa Siti walimtungia wimbo wa kumkejeli kwamba alikuja mjini katika unyonge na kwamba, lau si sauti, asingekuwa na cha kula. Hawakumwachia kitu kingine chochote: si nasaba, si sura, si akili. Naye akawajibu kwa wimbo kwamba kinachomkamilisha mtu si sura wala ukoo. Leo sisi tunaojidai kumuenzi tunamrudishia kile kile alichoachiwa na mahasidi wake. Sauti, sauti, sauti. Akili iliyochagua kesi ya kuimba, iliyojua nani wa kumtaja na kwa nini, hiyo tumeizika naye mwaka 1950.

Wala si Unguja peke yake. Nina Simone, Mmarekani mweusi aliyetaka kuwa mpiga piano wa muziki wa kikale wa Ulaya, alitoa wimbo wa "Four Women" mwaka 1966. Ndani yake wanawake wanne weusi wanajitambulisha mmoja mmoja, na katika kujitambulisha huko historia nzima ya utumwa, ubakaji wa mabwana wa kizungu na umaskini inaanikwa bila pazia. Nani aliukataa? Baadhi ya redio za watu weusi wenyewe, New York na Philadelphia, eti unawadhalilisha wanawake weusi! Aliyebakwa hadhalilishwi na wimbo. Alishadhalilishwa, na wimbo ndio unaosema. Kisha dunia ikasubiri azeeke ndipo impigie makofi: chuo cha Curtis cha Philadelphia, kilichomfungia mlango akiwa msichana, kilimtunuku shahada ya heshima Aprili 2003, siku chache kabla hajafariki Ufaransa.

Na msiniambie hayo ni ya zamani. Machi 2020, polisi wa Louisville, Kentucky, walivunja mlango wa Breonna Taylor usiku na kumpiga risasi akiwa ndani mwake. Septemba ya mwaka huo baraza la raia linaloamua mashtaka lilimshtaki askari mmoja tu, tena kwa risasi zilizopenya hadi nyumba ya jirani na kuhatarisha waliokuwamo. Kwa kifo chenyewe cha Breonna, hakuna aliyeshtakiwa. Ilibidi ifike Novemba 2024 ndipo mahakama ya shirikisho ikamtia hatiani askari yule yule kwa kuvunja haki za marehemu. Iwekeni kesi hiyo kando ya ile ya Kijiti. Unguja mwanamke kauawa, sheria ikashughulika na pombe. Louisville mwanamke kauawa, sheria ikashughulika na ukuta wa jirani.

Janelle Monáe, mwimbaji mweusi wa Marekani, alijibu mwaka 2021 kwa njia ambayo Siti angeielewa mara moja. Alikusanya wanawake wenzake wakaimba majina: wanawake na wasichana weusi 61 waliouawa, dakika 17, jina baada ya jina. Walilazimika kufanya hivyo kwa sababu hata kwenye maandamano dhidi ya ukatili wa polisi, mabango yalijaa majina ya wanaume, na ndiyo maana Profesa Kimberlé Crenshaw na wenzake walikuwa wameanzisha kampeni ya kuwataja wanawake tangu mwishoni mwa 2014.

Turudi kwetu. Mipasho ya leo ina wanawake wenye ndimi kali kuliko wembe, lakini mara nyingi mno wembe huo unamchanja mke mwenza, jirani, shoga aliyegeuka. Mwanamume aliyewagombanisha amekaa kiti cha mbele anatunza. Bosi anayemdai mfanyakazi wa ndani mwili wake, askari anayemcheka aliyebakwa akija kituoni, hawa hawapashwi. Ustadi upo, umeelekezwa pasipostahili.

Walau Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania, TAMWA, walielewa mapema. Walipotafuta jina la jarida lao la kutetea haki za wanawake, waliliita Sauti ya Siti, nao walikusudia sauti inayodai, wala si sauti ya kutumbuiza.

Watangazaji, walimu wa Kiswahili, na nyinyi waimbaji mnaojiita wajukuu wa Siti, nawaomba jambo moja. Pigeni "Kijiti". Mkishaupiga, msiukate kwa sifa za koo. Waambieni wasikilizaji mwanamke yule alifanywa nini, nani alimfanyia, na nani alifungwa badala yake. Halafu tungeni wa kesi za mwaka huu, na mtaje majina.