Aibu ya Mzazi Mbele ya Daktari

Enyi wazazi na vijana,

Kijana mmoja wa hapa Makurunge alianguka kutoka juu ya mnazi. Alipofikishwa hospitali, tumbo lilikuwa limevimba na damu yavuja ndani. Ikalazimu apasuliwe usiku ule ule. Daktari akamwuliza baba yake, "Mzee, kijana hutumia unga?" Kwa kuona haya mbele za watu, baba akajibu, "La." Nami nilikuwa karibu, na nilijua kwamba hutumia.

Yafaa tufahamu sababu ya swali lile. Mwili ukijeruhiwa au ukikatwa, mishipa ya fahamu hupeleka habari kwenye ubongo, nao huziamuru tezi zilizo juu ya mafigo zimwage homoni za adrenalini na kotisoli. Moyo hupiga mbio, shinikizo la damu hupanda, sukari huongezeka. Hiyo ni rehema, kwani aliyepoteza damu hushikiliwa na nguvu hizo. Lakini zikizidi humchosha moyo na kuchelewesha kupona. Wala usingizi wa nusukaputi peke yake hautoshi: mtu hajijui, lakini mwili wake wapokea habari za kisu. Ndipo hupewa mofini, au fentanili iliyotengenezwa Ubelgiji na Paul Janssen mwaka 1960, ili habari hizo zipunguzwe. Hutolewa kwa kipimo na uangalizi, maana ikizidi pumzi hufifia, na kwa aliyepoteza damu shinikizo laweza kuanguka.

Mofini hutoka katika kasumba, na heroini, yaani unga, hutengenezwa kwa mofini hiyo. Basi mwili uliozoea unga hautulizwi na kipimo cha kawaida, na mgonjwa huamka katika maumivu makali. Kadhalika anayekunywa methadoni, dawa iliyoanza kutolewa Muhimbili mwaka 2011 kwa wanaoacha unga, yampasa aseme.

Wengine huuliza: je, mofini si haramu? Kulewa ni haramu, hapana shaka. Lakini dharura ina hukumu yake, na mgonjwa hupewa kwa kadiri ya haja, si kwa anasa. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliitaja kasumba katika Qanun yake kuwa dawa ya maumivu.

Nilimvuta yule baba kando, nikamwambia, "Mzee mwenzangu, leo siri hii yamdhuru mwanao." Akanyamaza kitambo, kisha akarudi akasema kweli. Daktari hakumkemea, aliandika tu, akaenda zake kazini. Alhamdulillahi, kijana yu hai.

Basi ndugu zangu, mkiulizwa hospitali, semeni kweli: mgonjwa atumia nini, na alikula saa ngapi. Aibu ya saa moja ni nyepesi kuliko jeneza.

Wassalaam.